Kipupwe Barazani

Ndagoni, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mafia, joto la kaskazi ni udhuru unaokubalika. Mwanamume akitoa mkeka wake ndani na kuutandika barazani miezi ya Januari na Februari, hapana jirani atakayeuliza. Upepo wa bahari hupita juu ya minazi, mbu hufukuzwa kwa moshi wa makumbi, na mtu hulala usingizi wake hata adhana ya alfajiri. Lakini kaskazi ina mwisho wake. Masika huja na mvua, na baada ya masika huvuma kusi, kisha huingia kipupwe na baridi ya kumfanya mtu ajifunike shuka mbili. Anayelala barazani wakati wa kipupwe hana tena joto la kulisingizia. Hapo ndipo majirani huanza kuhesabu.

Mtu anayesimuliwa hapa alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita alipohesabiwa na majirani zake. Jina lake halina haja, kwani kisa chake ni cha wengi, na wengi hao wamekificha. Ujanani alikuwa mkwezi. Alipanda minazi asubuhi hata jioni, kamba miguuni na panga kiunoni, na sifa yake ilivuka vijiji. Alipofika miaka arubaini na mitano aliacha kupanda, akawa mnunuzi wa nazi na mbata. Kazi ikawa ya kukaa: kukaa dukani, kukaa juu ya pikipiki, kukaa gatini Kilindoni akingoja chombo. Chai yake ilikuwa ya vijiko vinne. Akishikwa na kiu alikunywa soda, na kiu ilimshika kila saa. Kitambi kikaota, watu wakakipongeza, wakasema neema imeingia nyumbani.

Jandoni alifundishwa mengi: heshima kwa wakubwa, usafi wa mwili, haki ya mke na wajibu wa mume. Hakufundishwa chochote juu ya siku ambayo mwili utaitwa usiitike. Fasihi yetu nayo haikumwachia maneno. Mwana Kupona, mama aliyekuwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi mnamo mwaka 1858 na kumfunza namna ya kuishi na mume. Waliotunga kumfunza mume aishi vipi na udhaifu wake mwenyewe ni wa kutafutwa kwa taa. Lugha ambayo ina maneno kumi ya upepo ilimpa mtu huyu neno moja tu, hanithi, nalo ni tusi. Zaidi ya hilo ilimpa mafumbo: jogoo asiyepanda mtungi, jogoo asiyewika. Mafumbo ni vazi la stara, na mtu wa pwani hapendi kutoka uchi katika maneno. Ila lipo vazi linalositiri, na lipo linaloficha kidonda hata kikaoza.

Alianza kwa kushindwa mara moja. Akasema ni uchovu. Akashindwa mara ya pili, na tangu hapo hofu ikamtangulia chumbani. Baada ya mwaka mmoja wa hali hiyo likazuka jambo jingine, gumu zaidi kulieleza: hata ile hamu ikapungua. Mkewe alipita mbele yake amejifunga kanga mpya, mikono na miguu imepakwa hina, asimini kichwani, naye akamtazama kama mtu atazamaye mlango uliofungwa wa nyumba ya mwingine. Hakuwa amechukia. Hakuwa na neno naye. Kilichokuwa kikimsukuma zamani hakikuwapo tena, naye hakujua kilikwenda wapi.

Mke, kwa upande wake, alifasiri kama alivyofunzwa kufasiri. Kungwi wake alimwambia kwamba mume asiyekula nyumbani amekula kwingine. Miaka thelathini ya ndoa na watoto wanne haikumzuia kuanza kuhesabu safari za Kilindoni. Hakuuliza. Mwanamke wa pwani ana njia yake ya kusema, naye alinunua kanga ambayo jina lake lilimsuta mwenye kuacha chungu chake na kuchungulia cha jirani, akaivaa siku tatu mfululizo. Mume aliisoma, akadhani ni mkewe anayetangaza kwamba sasa naye atatafuta. Walikuwa wawili katika nyumba moja, kila mmoja akiamini kwamba ameachwa.

Mwanamume akatafuta dawa. Aliambiwa amefungwa na mwenye husuda, naye akaamini, kwa kuwa kufungwa na mtu mwingine hakumfanyi mtu kuwa pungufu. Alikunywa kombe. Alikunywa supu ya pweza jioni nyingi sana, akisimama pamoja na vijana waliokuwa wakicheka. Kisha akanunua unga usiokuwa na nembo wala maelezo, kutoka kwa mchuuzi aliyemwapia kuwa ni mizizi mitupu. Usiku ule mwili uliitika, lakini kichwa kilimpasuka, moyo ukamwenda mbio, akakaa ukingoni mwa kitanda hata kulipokucha akidhani anakufa. Unga wa namna hiyo, ulipopimwa katika nchi mbalimbali, mara nyingi umekutwa umechanganywa na dawa ya hospitali iitwayo sildenafili kwa kipimo kisichojulikana. Dawa hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ina manufaa yake ikitolewa na tabibu. Lakini kwa mtu anayetumia dawa za naitreti kwa ajili ya maumivu ya kifua, inaweza kushusha shinikizo la damu hata kumuua. Mchuuzi hamuulizi mnunuzi habari za kifua chake.

Akahamia barazani. Huko hapakuwa na mtihani wa kufeli.

Aliyekifumbua kitendawili ni mke, na aliyemwonyesha ni sisimizi. Mumewe alikuwa akiamka mara nne, mara tano usiku kwenda haja ndogo nyuma ya nyumba, chini ya mshelisheli. Asubuhi moja ya Julai, akifagia uwanja, mwanamke akaona msafara mweusi unaelekea pale pale penye shina, ukazunguka ardhi iliyolowa. Bibi yake alikuwa akisema kwamba sisimizi hawafuati mkojo, wanafuata sukari. Akaegemea ufagio wake. Akakumbuka kiu, akakumbuka soda, akakumbuka miguu ambayo mumewe alisema inamwaka moto kisha inakufa ganzi. Akaenda barazani, akaketi kwenye ncha ya mkeka, akasema, "Baba watoto, kesho twende Kilindoni. Usiponipeleka, nitakupeleka."

Maarifa ya sisimizi si ya jana. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliuita ugonjwa huu kwa utamu wa mkojo wake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 na ambaye kitabu chake Al-Qanun kilisomwa na matabibu kwa karne nyingi, aliandika juu ya utamu huo huo, tena akautaja udhaifu wa nguvu za kiume miongoni mwa madhara ya ugonjwa. Karibu miaka elfu imepita tangu kisukari na unyumba vilipowekwa katika ukurasa mmoja, na bado katika vijiji vyetu viwili hivi havijajulishana.

Hospitali ya wilaya ina daktari kijana, umri wa mtoto wao wa pili. Kidole kilitobolewa, tone la damu likapimwa, ikasomeka kumi na saba, hali wakati huo hakuwa amekula kitu tangu usiku. Kwa mtu aliyefunga, saba tu yatosha kutia shaka ya kisukari. Kijana aliandika, akaeleza habari ya vidonge na vyakula, kisha akaweka kalamu mezani.

"Baba, unisamehe, kwa maana wewe ni mzazi wangu. Na nyumbani, baina yako na mama, mambo yakoje?"

Mwanamume akatazama dirisha. "Tumeshakuwa watu wazima, mwanangu."

"Watu wazima nao wana ndoa, baba."

Kimya kikapita. Nje wauguzi waliitana, pikipiki ikawashwa, ikaondoka. Kisha mkwezi huyo wa zamani akasema kwa sauti ya chini, bila fumbo, neno ambalo hakuwahi kumwambia mganga, wala rafiki, wala mkewe: "Ni mwaka wa tatu sasa siwezi." Naye mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye benchi kando ya mlango, akafunika uso kwa ncha ya kanga. Hakuwa akilia kwa aibu. Miaka mitatu alikuwa akimhesabia mumewe mke mwingine, na kumbe mke huyo hakuwapo.

Aliyoelezwa siku ile yanastahili kuelezwa hapa pia, kwa kuwa yanaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuutazama mkono wa bahari ukiingia mikokoni. Maji yakijaa, mkono ule hujaa. Yakipwa, hubaki tope. Uume nao hauna mfupa wala msuli wa kuunyanyua. Unasimama kwa kujaa damu. Ubongo hutuma amri kwa mishipa ya fahamu. Ncha za mishipa hiyo, pamoja na utando laini ulio ndani ya mishipa ya damu, hutoa hewa iitwayo nitriki oksidi, nayo huilegeza mishipa ya damu ili ifunguke. Damu huingia kwa wingi, hujaza nyama zilizo kama sifongo, nazo zikijaa huibana mishipa ya kutolea, damu ikakaa. Wanasayansi watatu wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hewa hiyo katika mishipa ya damu.

Sukari ikizidi kwa miaka, huharibu kila hatua ya safari hiyo. Huukwaruza ule utando, nitriki oksidi ikapungua. Huiziba mishipa kwa mafuta na kuikaza. Huua pole pole mishipa ya fahamu, ile ile ambayo kufa kwake huleta ganzi nyayoni. Mlango wa mkono wa bahari umeingia mchanga. Bwana wa maji yaliyojaa yuko nje, hawezi kupita.

Hayo yanaeleza kwa nini mwili haukuitika. Hayaelezi kwa nini hamu ilikwenda. Hapo ndipo inapoingia testosteroni, homoni inayotengenezwa katika korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ndiyo inayovunja sauti ya mvulana na kuotesha ndevu zake, na kwa mtu mzima ndiyo inayolinda misuli, mifupa, damu, na hasa hamu. Kadhalika huzisaidia nyama za uume kutoa ile nitriki oksidi. Hupungua kidogo kidogo kwa umri, lakini kwa wanaume wenye kisukari cha ukubwani hupungua mapema na kwa wingi zaidi. Tafiti nyingi zimekuta upungufu huo kwa mmoja katika kila watatu au wanne wao. Sababu kubwa ni kitambi kile kile kilichopongezwa. Mafuta ya tumboni huigeuza testosteroni kuwa homoni ya kike, na unene pamoja na kisukari hudhoofisha amri inayotoka ubongoni. Tena homoni ikipungua, misuli husinyaa, kitambi hukua, na mwili huzidi kuipuuza insulini, sukari ikapanda. Magonjwa mawili hushikana mikono, kila mmoja akimlisha mwenziwe.

Kwa hiyo wapo wanaotaka wasiweze, na wapo ambao hata kutaka kumeondoka. Wa kwanza aghalabu wamezibwa mishipa. Wa pili huenda wamepungukiwa homoni. Mkwezi wa Ndagoni alikuwa na yote mawili. Na katika hayo mawili, la pili ndilo lililoivunja nyumba. Kushindwa kwa mwili mke angekusamehe mara moja, lau angeambiwa. Kutotazamwa ndiko kulikomwuma. Alipoelewa kwamba jicho la mumewe lilizimwa na upungufu wa kitu kinachopimwa katika chupa ya damu, alisema neno moja tu njiani walipokuwa wakirudi: "Kumbe si mimi."

Hakuna budi kusema kwamba hawa si wachache. Tafiti za vijijini Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuta kisukari kwa watu wazima wasiofikia mmoja katika mia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, ingawa haukupima watu wa aina ile ile, ulikuta karibu tisa katika mia miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu wanaume wenye kisukari waliohudhuria kliniki ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na upungufu wa nguvu za kiume wa kiwango fulani. Wakiketi kumi katika benchi la kliniki, watano au sita wanaijua baraza ile. Hawaambiani.

Liko na jambo zito kuliko unyumba. Mishipa inayoupelekea uume damu ni myembamba, milimita moja au mbili. Ile ya moyo ni milimita tatu au nne. Uchafu ule ule unaoziba mishipa huonekana kwanza penye upenyo mdogo. Ndiyo maana kwa wanaume wengi kushindwa chumbani hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Mwili unatuma mjumbe. Mwanamume akiona haya, humfungia mjumbe mlango, na barua yake husomwa siku ya mazishi. Daktari alimpima mkwezi moyo na shinikizo la damu siku ile ile, akamwambia ashukuru kwamba jogoo alinyamaza mapema.

Sheria ya Kiislamu, katika mlango wa mume asiyemudu tangu mwanzo wa ndoa, humpa muda wa mwaka mmoja kabla kadhi hajawatenganisha, na hukumu hiyo inanasibishwa na Khalifa Umar. Wanazuoni walieleza hekima yake: huenda udhaifu umetokana na joto, au baridi, au ukavu, au unyevu, basi apitishwe katika misimu yote minne ya mwaka, ionekane kama utaondoka. Hukumu hiyo haiwahusu wawili waliokwisha kuzaa watoto wanne. Lakini mke, aliyeisikia darasani tangu utoto, aliichukua hekima yake. Alimwambia mumewe, "Tutapita misimu minne. Baada ya hapo tutazungumza."

Misimu ikapita. Katika kipupwe alianza vidonge vya kisukari, akaacha soda, chai ikawa kavu. Katika vuli alianza kwenda kwa miguu hata mashambani mwake, asubuhi kabla jua halijawa kali, na pikipiki ikabaki ukutani. Kaskazi ilipoingia alivuka hadi Nyamisati na kupanda basi kwenda Dar es Salaam kupimwa homoni. Damu ya kipimo hicho hutolewa asubuhi, wakati homoni iko juu, na hupimwa siku mbili mbalimbali ili pasiwe na makosa. Mara zote mbili ilikuwa chini. Alitaka achomwe sindano siku ile ile. Daktari bingwa hakukataa, ila hakufanya haraka. Alimweleza kwamba testosteroni ya sindano husaidia hamu kwa wenye upungufu wa kweli, lakini humzuia mtu kuzalisha mbegu, huweza kuifanya damu kuwa nzito, na haitolewi kabla ya kuitazama tezi dume. Tena haiondoi mchanga mlangoni, ambao ni kazi ya sukari kushuka. Wengi wanaopunguza uzito, alisema, homoni yao hupanda yenyewe kwa kiasi. Ajaribu kwanza. Akaandikiwa na vidonge vya kumsaidia, vyenye jina na kipimo, baada ya kuhakikishwa kwamba kifua chake ni salama.

Mwezi wa Ramadhani ulipokuwa umekaribia alimwuliza daktari wa Kilindoni kabla ya kunuia, akapangiwa saa za dawa, na akaonywa kwamba sukari ikishuka mno itampasa kufungua. Masika yalimkuta amepungua kilo tisa. Watu waliokisifu kitambi walimwuliza kama ni mgonjwa. Akajibu kwamba alikuwa mgonjwa wakati ule walipomsifu.

Haitakuwa kweli kusema kwamba alirudi kuwa kijana. Mishipa ya fahamu iliyokufa hairudi yote. Kuna siku vidonge hufanya kazi, na kuna siku havifanyi, na siku hizo hakuna tena anayekimbilia barazani. Homoni ilipopimwa upya ilikuwa imepanda, si sana. Kilichorudi zaidi ni lile jicho. Alasiri moja mkewe alikuwa akikuna nazi uwanjani, akahisi anatazamwa. Akainua uso. Mumewe alikuwa amesimama penye mshelisheli, amesahau alichokwenda kukifanya.

Kipupwe kingine kikaingia. Upepo wa kusi ulitikisa makuti usiku kucha, na baraza ile ya Ndagoni ilikuwa tupu, mkeka wake umekunjwa na kutundikwa ukutani. Majirani wakaacha kuhesabu. Asubuhi mke alimimina chai, vikombe viwili, akavileta bila sukari, cha mume na cha kwake.